Ushairi wa Maumbile Haukuletwa na Meli: Majibu kwa Wanaoudharau

Kuna madai kuhusu ushairi yaliyozoeleka Nairobi kiasi kwamba hakuna anayeyahoji tena. Nimeyasikia kwa walimu wa Kangemi na Dagoretti, kwa wanafunzi wanaotoka mihadharani upande wa University Way, na kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba katikati ya jiji, ambao ukiwauliza diwani hukujibu kwamba diwani haitoki isipokuwa imewekwa kwenye mtihani. Yote yanahusu ulimbwende, ule mkondo wa ushairi unaokutanisha maumbile, muziki na hisia za binadamu. Husemwa kwamba ni mali ya Waingereza. Husemwa kwamba Ngũgĩ na wenzake waliufukuza zamani. Husemwa kwamba vina na mizani haviwezi kubeba moyo, kwamba jiji la lami halina cha kuimbwa, na kwamba mwenye njaa hana haja na shairi la mti. Madai haya yanawanyang'anya vijana wetu kitu ambacho ni chao tangu zamani, ndiyo maana nayajibu.

"Ulimbwende ni wa Uingereza, sisi tulikaririshwa tu."

Sehemu moja ya dai hili ni kweli. Wordsworth alitunga shairi lake la maua ya daffodil mwaka 1804, likachapishwa 1807, na baadaye vizazi vya watoto katika makoloni ya Uingereza vikalikariri bila kuliona ua lenyewe. Mtoto aliyekua katikati ya migomba na mikuyu alifundishwa kwamba uzuri unaostahili beti uko kando ya ziwa fulani la kaskazini mwa Uingereza. Hilo lilikuwa kosa la shule. Halithibitishi kwamba watu wa huku hawakuwa na ushairi wa namna hiyo.

Tazama miaka. Wordsworth alizaliwa 1770. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizaliwa karibu na mwaka 1776, akafariki karibu na 1840. Walikuwa rika moja. Muyaka aliimba mapenzi, ufukara, fitina za mji, vita vya Mombasa, bahari na vyombo vyake, na aliziimba barazani kwa Kiswahili cha watu wa Mvita. Wordsworth, katika dibaji aliyoiongezea Lyrical Ballads mwaka 1800, alidai kwamba ushairi urudi kwenye lugha inayosemwa na watu wa kawaida. Hakuna aliyemsikia mwenzake. Kila mmoja alifika hapo kwa njia yake. Beti za Muyaka zilikaa vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua na Mwingereza W. E. Taylor walipozikusanya baadaye katika karne hiyo ya 19, na mmoja wa waliomchunguza kwa kina zaidi alikuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mohamed Hassan Abdulaziz, ambaye kitabu chake juu ya Muyaka kilitolewa jijini humu mwaka 1979. Anayesema hatuna mizizi hajafika maktabani.

Kuna mfano mwingine ulio mzito zaidi. Mwaka 1818 Shelley alichapisha soneti kuhusu sanamu ya mfalme iliyovunjikia jangwani, ikawa mojawapo ya mashairi mashuhuri ya ulimbwende. Katika miongo hiyohiyo ya mwanzo wa karne ya 19, Sayyid Abdalla bin Nasir alitunga Al-Inkishafi, akiyatazama magofu ya Pate. Majumba yaliyong'aa kwa taa na kelele za wageni yameachiwa popo, makinda ya ndege na wadudu, na sauti za wadudu hao ndizo zinazosikika mahali ambapo zamani zilisikika sauti za watu. Maumbile yapo pale, muziki upo, na moyo unaouma upo. Tofauti ipo pia, wala sitaifuta: Shelley anamsuta mfalme, Sayyid Abdalla anauonya moyo wake mwenyewe uiandae Akhera. Mimi naona shairi la Pate lina kina zaidi, kwa sababu mtunzi wake hakusimama mbali na gofu. Anajua kuwa na yeye ataanguka.

"Ngũgĩ na wenzake waliufukuza mwaka 1968."

Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu cha hapa Nairobi ivunjwe. Walichotaka ni Afrika iwe kitovu, na fasihi za kwingine zitazamwe kutoka hapa tulipo. Mlango waliofungua ulipitisha fasihi simulizi, yaani nyimbo za kazi, za kilio, za harusi na za mvua, na Owuor-Anyumba mwenyewe alikuwa mkusanyaji wa nyimbo. Kama kuna kitu kinachounganisha muziki, maumbile na hisia kuliko wimbo wa mwombolezaji anayeitaja mito na milima ya kwao, sijakiona. Miaka miwili kabla ya waraka huo, East African Publishing House ya Nairobi ilikuwa imechapisha Song of Lawino ya Okot p'Bitek, ambayo Paul Sozigwa aliileta kwenye Kiswahili mwaka 1975 kama Wimbo wa Lawino. Kisa cha mke anayelia juu ya mume aliyeikana asili yake kimejengwa juu ya mmea, boga la kwenye kiambo cha zamani. Okot baadaye alifundisha katika chuo hichohicho. Basi waraka haukuufukuza ushairi wa moyo na maumbile. Uliurudisha kwa wenyewe.

"Vina na mizani vinauzima moyo."

Dai hili husemwa na vijana waliochoshwa na mtihani, na ninawaelewa. Mwanafunzi wa sekondari huulizwa mshororo una mizani mingapi, shairi ni la bahari gani, mshairi ametumia uhuru gani. Ni nadra aulizwe shairi limemgusa wapi. Lakini maradhi hayo ni ya mtihani, hayakuanzia kwenye arudhi. Keats, anayetajwa kila mahali kama bingwa wa hisia, aliandika soneti na odi za vina vilivyopangwa kwa ukali, na odi yake ya mwaka 1819 kwa ndege aimbaye usiku ina mpangilio ambao mwanaarudhi wa Lamu angeuheshimu.

Kwetu mizani ilizaliwa kwenye koo la mwimbaji. Mshororo wa shairi la mizani 16 hugawika nusu mbili za mizani nane nane, na kina cha kati kimewekwa pale ambapo mwimbaji huvuta pumzi. Ukiisikia sauti, hesabu inajieleza yenyewe. Ahmad Nassir Juma Bhalo, ambaye Malenga wa Mvita yake ilichapishwa na Oxford University Press, Nairobi, mwaka 1971 chini ya uhariri wa Shihabuddin Chiraghdin, alitunga beti ambazo jamaa yake, Juma Bhalo, aliziimba kwa taarabu miaka mingi hadi watu wasiosoma diwani hata moja wakazijua kwa moyo. Aliyefundishwa ushairi wa Kiswahili bila kuusikia ukighaniwa ni kama aliyesomewa karatasi ya mapishi akaambiwa ameshakula pilau.

Na kwa wanaofikiri muziki huo ni wa Pwani peke yake, Nairobi ina Malaika. Fadhili William aliurekodi wimbo huo jijini humu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakaueneza duniani kwenye albamu yao ya mwaka 1965. Nani hasa aliutunga ni ugomvi mwingine, nao umekuwa mrefu. Ninachotazama hapa ni umbo lake. Mwanamume anapenda, umaskini unamzuia kuoa, na mpenzi anaitwa kwa jina la ndege mdogo. Maneno ni machache, mashairi yake yanaimbika na kila mtu, na ndege anabeba huzuni ambayo mtu mzima angeona haya kuitamka waziwazi. Wahakiki wangeuita ulimbwende mtupu kama ungetungwa Scotland na Robert Burns.

Upande wa pili wako wanaosema shairi lisilo na vina si shairi. Hao nao nawakatalia. Euphrase Kezilahabi, mtoto wa kisiwa cha Ukerewe, alitoa Kichomi kupitia Heinemann, Nairobi, mwaka 1974, na ziwa likaingia kwenye ushairi wa Kiswahili kwa namna ambayo halikuwa limeingia kabla. Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ameendeleza njia hiyo katika Mchezo wa Karata mwaka 1997, Bara Jingine mwaka 2001 na Msimu wa Tisa mwaka 2007. Anaacha vina, anashika urudiaji, anaipanga mishororo kwenye ukurasa ili jicho lisikie kituo. Muziki umehama mahali, haujaondoka.

"Ni kumwaga machozi tu, hakuna fikra."

Nitalipita haraka. Wordsworth mwenyewe alieleza katika dibaji ileile ya 1800 kwamba hisia kali hazitoshi. Mshairi ni mtu aliyefikiri kwa muda mrefu na kwa kina, na shairi hutokana na hisia iliyokumbukwa moyo ukiwa umetulia. Watu hukariri nusu ya kwanza ya maneno yake wakaiacha ya pili. Kwa Kiswahili, soma "Mamba" ya Abdilatif Abdalla. Shairi linamhusu mamba, na kila mshororo umepimwa kwa akili ya mtu anayejua kwamba akikosea neno moja atazidishiwa adhabu.

"Nairobi ni saruji na matatu, maumbile hayapo."

Wanaosema hivi wanadhani ulimbwende ulizaliwa kijijini. Ulizaliwa na moshi wa viwanda. Blake aliiandika London yenye vilio mwaka 1794. Wordsworth alitunga soneti mwaka 1802 juu ya jiji hilohilo alfajiri, kabla halijaamka. Washairi wale waliyatazama maumbile kwa uchungu kwa sababu waliyaona yakiondoka.

Nairobi ni jiji la reli. Reli ilifika hapa mwaka 1899, ikakuta maji baridi na nyasi, ikaweka kambi. Mwaka 1907 ikaanzishwa Arboretum kwa ajili ya kujaribu miti inayokua upesi, ili kuni za garimoshi zisiishe. Fikiria jambo hilo: bustani ambayo leo wapenzi huiendea Jumapili ilianza kama shamba la kuni. Mjakaranda unaozambarausha barabara za jiji kila Oktoba ulitoka Amerika ya Kusini. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946, ina kilomita za mraba 117 na simba ndani yake, na nyuma ya simba yanaonekana majengo marefu. Kuna mada hapa ambazo Shelley angezilipia.

Kisha sikiliza. Lavington na Kileleshwa kwarara hulia alfajiri kwa sauti inayokwaruza, wakipita juu ya paa wawili wawili. Kawangware wakati huohuo makanga wa matatu za 46 wameanza kuita abiria, adhana imemalizika, na Jumapili ngoma za Akorino zitaanza kabla chai haijapoa. Korongo wakubwa wa vichwa vya upara wamezoea kutua kwenye migunga karibu na Uwanja wa Nyayo. Mwezi wa Julai ukungu hushuka kutoka upande wa Ngong na kuwafunika watembea kwa miguu wa Naivasha Road hadi usione uso wa unayemsalimia. Mshairi anayesema hana mandhari hapa ameziba masikio.

Na kuna maumbile yanayotisha. Mvua za Aprili na Mei 2024 ziliifanya mito ya jiji ivunje kingo zake na kuchukua nyumba na watu. Washairi wa ulimbwende hawakuandika vipepeo tu. Waliandika dhoruba, mafuriko na hofu ya mtu mdogo mbele ya nguvu kubwa. Sijui kwa nini tunadhani mto mchafu hauwezi kuingia kwenye shairi. Mto mchafu ndio unaohitaji shairi zaidi.

"Mwenye njaa hana haja na shairi la mti."

Hili ndilo dai zito kuliko yote, kwa sababu linasemwa na watu wanaowajali maskini. Wanasema mti ni anasa, kwamba wanaokaa chini ya kivuli Karen na Lavington ndio wenye nafasi ya kuusifu, na kwamba mshairi wa kweli aandike kuhusu kodi ya nyumba na unga.

Nianze na Abdilatif. Mwaka 1968 aliandika kijikaratasi kilichouliza Kenya inaelekea wapi, na kati ya 1969 na 1972 akafungwa. Katika gereza la Kamiti aliandika mashairi kwa siri kwenye karatasi za chooni. Ndani ya seli, mtoto huyu wa Mombasa alitunga shairi la mnazi, ndugu wawili wakiugombania, mmoja akitaka mti na matunda yote yawe yake. Msomaji yeyote wa Kenya ya miaka ile alijua mnazi ni nini na ndugu ni akina nani. Diwani ya Sauti ya Dhiki ilitoka mwaka 1973, na mwaka 1974 ikapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga mtunzi. Huyu hakuuendea mti ili aikimbie siasa. Mti ndio uliomwezesha kuisema siasa mahali ambapo kuisema kulikuwa hatia.

Sasa Wangari Maathai. Hakuwa mshairi wa diwani, lakini ndiye mtu aliyeishi dai kuu la ulimbwende kuliko mshairi yeyote ninayemjua: kwamba kile mtoto anachokiona cha maumbile humjengea dhamiri ya utu uzima. Katika hotuba yake ya Nobeli huko Oslo, Desemba 2004, alikumbuka kijito karibu na nyumbani kwao, na jinsi alivyochezea mayai ya vyura akiyadhania shanga. Kwenye kitabu cha maisha yake ameeleza mugumo ambao mama yake alimkataza kuokota kuni zake, na jinsi baadaye mti ulivyokatwa na kijito kikakauka. Kumbukumbu hiyo ndiyo iliyomsimamisha mwaka 1989 dhidi ya jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, lakini jengo halikujengwa. Januari 1999 alipigwa hadi kutoka damu akienda kupanda mti Karura. Msitu ule, wenye takriban hekta 1,000, ungalipo.

Hapa naomba msomaji awalinganishe watu wawili. Mwaka 1844 Wordsworth, akiwa mzee, alipinga kwa soneti na kwa barua magazetini mpango wa kuleta reli Windermere. Alikuwa na haki ya kuihofia reli. Lakini sababu mojawapo aliyoitoa ilikuwa kwamba vibarua wa miji ya viwanda wangeletwa kwa wingi mahali ambapo hawakuwa na malezi ya kupafaidi. Mshairi aliyekuwa ametetea lugha ya watu wa kawaida aliwafungia watu haohao mlango wa ziwa. Hilo ndilo doa la ulimbwende wa Ulaya, na wanaoupinga Nairobi wanalinusa hata kama hawajui kisa chake.

Wangari alisema kinyume. Aliitetea Uhuru Park kwa sababu ndipo mahali ambapo mtu asiye na bustani angeweza kulala kwenye nyasi Jumapili na watoto wake. Mtu wa Kawangware, anayeishi chumba kimoja cha mabati, ndiye mwenye haja na mti wa umma kuliko mtu wa Karen mwenye ekari yake. Kwa hiyo dai kwamba mti ni wa walioshiba limegeuza mambo. Miti ya Nairobi imefuata pesa, hilo ni kweli. Ukivuka kutoka Kangemi kwenda Loresho unaliona kwa macho yako, kivuli kinaanzia pale ukuta unapoanzia. Jibu la dhuluma hiyo ni kudai kivuli, na hakuna anayedai kitu ambacho hajawahi kufundishwa kukipenda.

Novemba 2020, barabara ya Nairobi Expressway ilipokuwa ikijengwa, mugumo mkubwa wa Waiyaki Way, Westlands, wenye umri wa takriban karne moja, ulikuwa ung'olewe. Watu walipiga kelele. Wengine walizungumza kama wanamazingira, wengine kama Wakikuyu waliolelewa kwamba chini ya mti huo watu huomba, wengine kama wakazi waliouzoea tu. Likatolewa agizo la rais kwamba mti ubaki. Barabara ya kilomita 27 ilifunguliwa 2022, na mugumo ukasalia. Hakuna hesabu ya faida na hasara iliyouokoa. Uliokolewa na hisia za watu, na hisia hizo zililelewa na hadithi, nyimbo na maombi yaliyotangulia, yaani na fasihi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wenzangu wa Kiswahili, kuanzia shule za katikati ya jiji hadi Uthiru na Karen: kabla ya kuuliza mizani, ghanini shairi mbele ya darasa, au mwite anayeweza kulighani. Mkifundisha Al-Inkishafi, liwekeni kando ya soneti ya Shelley, wanafunzi waamue wenyewe. Mkifundisha mnazi wa Abdilatif, waulizeni mti gani wa mtaa wao unagombaniwa leo na nani anataka matunda yote. Nanyi mnaotunga, mito ya jiji hili ina majina: Mathare, Ngong, Nairobi, Kirichwa Kubwa, Kirichwa Ndogo. Iandikeni kwa majina yake.